Dawa Hujulikanaje Kuwa ni Dawa? Mafundisho Kutoka Beni na Butembo

Hakuna jamaa isiyowahi kuulizana swali hili kando ya kitanda cha mgonjwa: dawa hii iliyoletwa, yaponya kweli? Jirani mmoja asema, "Mimi nilipona kwayo." Mwingine asema, "Ndugu yangu aliinywa, akafa." Wote wawili wasema kweli. Basi, tumfuate yupi?

Swali hili liliulizwa kwa machozi huko Kivu ya Kaskazini, katika nchi ya Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, mji mdogo ulio magharibi mwa Beni. Kutoka hapo maradhi yalifuata njia za wachuuzi na za wasafiri, yakaingia Beni, kisha Butembo, mji ule wa wafanyabiashara ulio juu ya vilima, pamoja na Katwa iliyo ubavuni mwake. Ilipotangazwa kuwa maradhi yamekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa.

Lakini katikati ya msiba huo ilifanyika kazi moja ambayo matunda yake leo ni mali ya ulimwengu mzima. Dawa nne za Ebola zilipimwa kwa haki, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane ipi yaponya na ipi haiponyi. Kazi hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wengi waliisikia kwa minong'ono tu, na minong'ono mingine ilikuwa ya kutisha. Kwa hiyo twataka kuieleza leo waziwazi, ili baba na mama wa jamaa, na wanafunzi pia, waielewe.

USO ULIOPOOZA

Tuanze na ugonjwa ulio mwepesi zaidi, nao utatufungulia mlango wa kuuelewa ule mzito.

Mtu hulala mzima, akaamka asubuhi upande mmoja wa uso umelegea. Jicho halifumbi. Mdomo umekwenda upande. Akinywa maji, yamwagika. Akicheka, nusu ya uso yacheka na nusu yatulia kama ya sanamu. Vijijini mara nyingi husemwa kwamba amerogwa, au kwamba amepigwa kofi na pepo. Kumbe mshipa wa fahamu unaoutawala uso, ambao hupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio, umevimba ukabanwa. Charles Bell, tabibu wa Uskoti, ndiye aliyeueleza vizuri mshipa huo mwanzoni mwa karne ya 19, na ugonjwa wenyewe ukaitwa kwa jina lake.

Sasa angalieni jambo hili. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo hupona wenyewe, hata wasipopewa dawa yo yote. Hapo ndipo penye mtego. Mganga akimpaka mmoja majani, na baada ya miezi michache uso umenyoka, majani yatapata sifa. Mwingine akifungwa hirizi, hirizi itapata sifa. Wa tatu akila asali, asali itapata sifa. Hakuna aliyesema uongo, lakini hakuna pia aliyejua neno lo lote. Kuponwa baada ya dawa si sawasawa na kuponywa na dawa.

Huko Uskoti, kati ya mwaka 2004 na 2006, madaktari walikata shauri kuondoa shaka hiyo. Waliwakubali wagonjwa 551 ambao uso wao ulikuwa umepooza tangu siku zisizozidi tatu. Wakawagawa kwa kura katika makundi manne. Wa kwanza walipewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe. Wa pili walipewa asikloviri, dawa ya kupigana na virusi, kwa kuwa wataalamu wengi walidhani virusi ndivyo vilivyo chanzo. Wa tatu walipewa zote mbili. Wa nne walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Wala mgonjwa wala daktari hakujua nani amepata nini, mpaka hesabu zilipofanywa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Baada ya miezi tisa, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa prednisoloni, 94 walikuwa wamepona kabisa. Kati ya kila 100 wasioipewa, 82 walikuwa wamepona vilevile. Tofauti ni watu 12 katika 100, na tofauti hiyo ndiyo kazi ya dawa. Wengine wote wangepona hata hivyo. Na ile asikloviri, ambayo wenye elimu walikuwa wakiisifu? Haikuonyesha faida hata kidogo.

Basi twajifunza mambo matatu. La kwanza, dawa haijulikani kwa mtu mmoja aliyepona, bali kwa kulinganisha watu wengi na wengi. La pili, makundi yanayolinganishwa hayana budi kugawanywa kwa kura, isije ikawa wenye nguvu wamewekwa upande mmoja na walio hoi upande mwingine. La tatu, hata fikira njema ya mtu mwenye elimu yaweza kukosea, nayo yapasa kupimwa.

(Tuseme neno moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Si kila uso uliopinda ni ugonjwa huu. Uso ukipinda pamoja na mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito, yamkini ni kiharusi. Mpelekeni mgonjwa hospitalini saa ileile. Hata kama ni uso peke yake, msikawie, maana prednisoloni hufaa ikianzwa mapema, na jicho lisilofumba laweza kuharibika.)

TOKA YAMBUKU HADI KIKWIT

Turudi sasa kwa Ebola. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza mwaka 1976, pande mbili, katika Sudani na katika Kongo. Katika Kongo ulitokea Yambuku, katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki iliyotunzwa na Masista Wabelgiji. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na baadhi ya Masista walikuwa miongoni mwao. Daktari kijana wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyesomeshwa katika shule za Wajesuiti, alitumwa huko kutoka Kinshasa. Aliwagusa wagonjwa kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwapo, wala hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Alirudi Kinshasa pamoja na Sista mmoja mgonjwa, na damu ya Sista huyo ikapelekwa Ubelgiji, ambako virusi vilionekana kwa mara ya kwanza. Sista alikufa. Daktari aliokoka.

Miaka 19 ilipita. Mwaka 1995 Ebola ilizuka tena, mara hii Kikwit. Masista sita wa shirika la Poverelle la Bergamo, katika Italia, walikufa huko kwa kuwahudumia wagonjwa, na mwaka 2021 Kanisa lilikiri fadhila zao kuwa za kishujaa. Huko Kikwit Daktari Muyembe na wenzake walipata wazo. Mtu aliyepona Ebola ana kingamwili katika damu yake, yaani askari wa mwili waliokwisha kumjua adui na kumshinda. Je, askari hao hawawezi kuazimwa? Wakatoa damu ya waliopona, wakawatia wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona.

Saba katika wanane! Katika ugonjwa uliozoea kuua wengi kuliko uliowaacha, ingedhaniwa kwamba ulimwengu ungeshangilia. Lakini wataalamu wa nchi nyingine walitikisa kichwa, wakauliza: wale wanane mmewalinganisha na nani? Walipewa damu siku za mwisho za ugonjwa ule katika mji, wakati matunzo yalipokuwa yamekwisha kuwa bora. Pengine walikuwa tayari wamekwisha kuishi siku zile zilizo mbaya zaidi. Labda ni damu iliyowaponya, labda siyo. Hapakuwa na kundi la pili, kwa hiyo hapakuwa na jibu. Ni habari ileile ya uso uliopooza na majani ya mganga, ijapokuwa safari hii aliyeponya alikuwa daktari.

Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 2006, yaani miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu yake, na askari walikuwa wangali ndani yake. Wataalamu wa Kongo na wa Marekani walishirikiana, wakamchagua askari mmoja aliye hodari kuliko wote, wakatafuta njia ya kumtengeneza kwa wingi maabarani. Dawa hiyo ikaitwa MAb114. Asili yake ni damu ya Mkongo.

DAWA NNE NA KURA MOJA

Ebola ilipofika Beni mwaka 2018, dawa kadhaa zilikuwa tayari, lakini hakuna hata moja iliyokwisha kuthibitishwa. Mwanzoni madaktari walimpa kila mgonjwa dawa waliyoiona yafaa, kwa huruma na kwa matumaini. Wengine walipona, wengine walikufa, na elimu haikuongezeka. Ndipo taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, iitwayo INRB, inayoongozwa na Muyembe yuleyule, ikapatana na taasisi ya serikali ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza. Mwezi wa Novemba 2018 kazi ya Pamoja Tulinde Maisha ikaanza Beni, kisha ikaenea Butembo, Katwa na Mangina.

Dawa zenyewe zilikuwa hizi. Ya kwanza ni ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu uliotengenezwa ndani ya majani ya jamii ya tumbaku. Hii ndiyo iliyotumainiwa kuliko zote, kwa sababu ilikuwa imejaribiwa katika Afrika ya Magharibi: huko, kati ya wagonjwa 36 walioipata walikufa 8, na kati ya 35 wasioipata walikufa 13. Lakini maradhi ya huko yalikwisha kabla hesabu haijatosha. Ya pili ni remdesiviri, ambayo huzuia virusi visizaliane. Ya tatu ni MAb114, ile ya damu ya Kikwit. Ya nne, iliyoongezwa mwanzoni mwa mwaka 2019, ni REGN-EB3, nayo ni mchanganyiko wa kingamwili tatu.

Sikilizeni sasa namna kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo uvumi ulipozaliwa. Hakuna mgonjwa aliyenyimwa dawa. Hapa hapakuwa na kidonge kitupu kama kule Uskoti. Kila aliyeingia alipata moja ya dawa hizo nne, juu ya matunzo yote mengine: maji ya mshipani, dawa za malaria na za magonjwa mengine, na chakula. Wakubwa kwa wadogo waliruhusiwa, na wanawake wenye mimba pia, hata vitoto vichanga vya akina mama waliougua. Kila mmoja alielezwa, akaombwa ridhaa yake. Kwa mtoto, au kwa mtu aliyezidiwa, jamaa yake ndiye aliyekubali au kukataa.

Ndipo kura ilipoamua. Wengine waliona jambo hili kuwa gumu. Je, maisha ya mtu yapigiwe kura? Lakini tufikiri kidogo. Kama hakuna aliyejua ipi iliyo bora, ni nani angechagua? Tajiri angetaka ile aliyosikia ikisifiwa, mwenye rafiki hospitalini angetaka ile ya pili, na maskini angebakiziwa iliyosalia. Mbele ya kura, mwenye duka na mchukuzi wa mizigo walikuwa sawa. Hata Mitume walipotaka kujaza nafasi ya Yuda walipiga kura, nayo ikamwangukia Matia. Pale ambapo hakuna ajuaye, kura ni haki.

"JE, SISI NI PANYA WA MAABARA?"

Maneno hayo yalisemwa sokoni, yalisemwa njiani, na pengine yalisemwa hata mlangoni pa kanisa. Hatutaki kuyacheka. Waliokuwa wakiyasema walikuwa na sababu zao.

Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga na watu wa msituni, na kilio chao hakikupata wasikivu wengi. Ghafula, kwa ajili ya ugonjwa mmoja, magari mengi mapya yalifika na fedha nyingi zikamwagika. Watu wakaulizana, "Mbona tulipokuwa tukiuawa hawakuja?" Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku chache tu kabla ya uchaguzi mkuu, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Wengi wakaona hakika kwamba ugonjwa ni hila ya siasa.

Na duniani yamekwisha kutendeka maovu kweli kwa jina la utafiti. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani, watu weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila dawa tangu mwaka 1932 hata mwaka 1972, ili tu itazamwe jinsi ugonjwa unavyokwenda, ijapokuwa penisilini ilikwisha kupatikana. Hawakuambiwa ukweli. Ile ilikuwa dhambi, wala hakuna jina jingine la kuiita.

Kwa hiyo Kanisa halikukaa kimya juu ya mambo haya. Tarehe 14 Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaeleza wataalamu wa tiba mipaka ya utafiti wao. Alifundisha kwamba daktari hana haki juu ya mwili wa mgonjwa kupita ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na kwamba faida ya jamii, hata ikiwa kubwa namna gani, haimpi mtu ruhusa ya kumtumia mwenzake kama chombo. Tukilishika fundisho hilo mkononi kama kipimo, twaweza kuitazama kazi ya Beni na Butembo. Je, mgonjwa aliambiwa ukweli? Aliambiwa. Aliombwa ridhaa? Aliombwa. Aliachwa bila msaada? Hakuachwa. Panya haulizwi. Mtu huulizwa, na mtu aweza kukataa. Hiyo ndiyo tofauti.

Lakini uvumi una miguu mirefu kuliko ukweli. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha kuwatibu wagonjwa huko Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto, na siku tatu baadaye kile cha Butembo. Tarehe 19 Aprili 2019, ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyeiacha nchi yake aje kupigana na Ebola. Siku ile Wakristo walipokuwa wakiubusu Msalaba, mtu alikufa akiwa kazini kwa ajili ya watu asiowajua.

Wenyeji nao hawakukimbia. Madaktari na wauguzi wengi waliobaki vituoni walikuwa Wakongo, tena wengi wao wana wa vilima vile vile. Huko Beni vilitumika vyumba vyenye kuta angavu, ili mama aweze kumwona mwanawe, na mke mumewe, bila kuguswa na ugonjwa. Na walio wazuri kuliko wote, machoni petu, ni wale waliopona. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imekwisha kumshinda adui, baadhi yao walirudi kwa hiari yao, huko Beni na Butembo, kuwapakata na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelala wagonjwa au wamekufa. Ni nani aliyekuwa jirani yao? Msomaji analijua jibu la Injili.

HESABU ILIPOFUNGULIWA

Kazi ya namna hii huwa na kamati ya watu wasiohusika nayo, ambao hufungua hesabu mara kwa mara kwa siri. Kazi yao ni kuwalinda wagonjwa: wakiona kwamba dawa moja yaokoa waziwazi kuliko nyingine, husimamisha jaribio mara moja, ili asipatikane mtu wa kupewa iliyo dhaifu. Kamati hiyo ilikutana tarehe 9 Agosti 2019. Wagonjwa 681 walikuwa wamekwisha kuingia. Ilipoona hesabu, iliagiza dawa mbili ziachwe siku ileile.

Msomaji asome tarakimu hizi polepole. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa remdesiviri walikufa 53. Waliopewa ZMapp, ile iliyotumainiwa kuliko zote, walikufa karibu 50. Waliopewa MAb114 walikufa 35. Waliopewa REGN-EB3 walikufa wasiozidi 34.

Tuliyemtegemea alishindwa, na ile damu ya Kikwit, ambayo ulimwengu ulikuwa umeitilia shaka, ilisimama mbele ya mizani ikaonekana nzito. Muyembe alisubiri miaka 24 kupata jibu la swali alilolianza kando ya vitanda vya Kikwit. Habari ilipotangazwa, tarehe 12 Agosti 2019, alisema kwamba tangu sasa Ebola haitaitwa tena ugonjwa usioponyeka. Maandishi ya kazi hiyo yalipotoka mwezi wa Novemba mwaka uleule, jina la kwanza juu yake lilikuwa la daktari wa Kongo, Sabue Mulangu.

Lakini tarakimu zilizo muhimu kuliko zote kwa jamaa zetu ni hizi zifuatazo. Wale waliofika na virusi vichache katika damu yao, wakapewa mojawapo ya dawa mbili zilizo bora, walipona karibu 9 katika 10. Wale waliofika wakiwa wamejaa virusi, hata kwa dawa zilezile, walikufa zaidi ya 6 katika 10. Tena ilionekana kwamba kila siku moja ambayo mgonjwa alikaa nyumbani iliongeza uwezekano wake wa kufa kwa asilimia 11. Dawa ileile, daktari yuleyule, kitanda kilekile. Tofauti ilikuwa siku tatu au nne za kujificha. Na ndiyo sababu, ijapokuwa dawa zilipatikana, katika ugonjwa ule mzima walikufa wawili katika kila watatu: wengi mno walifika wakati umekwisha kupita, au hawakufika kabisa.

MAMBO YA KUYASHIKA

Serikali ya Marekani iliikubali REGN-EB3 mwezi wa Oktoba 2020 na MAb114 mwezi wa Desemba mwaka uleule. Shirika la Afya la Dunia liliziagiza zote mbili mwezi wa Agosti 2022. Zafaa kwa Ebola ya aina ya Zaire, ile iliyopiga Beni na Butembo. Aina nyingine za virusi hivyo ni jambo jingine. Wala ugonjwa haukuaga moja kwa moja. Mwezi wa Februari 2021 ulirudi katika pande za Butembo, watu 12 wakaugua na 6 wakafa. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule ulirudi Beni, watu 11 wakaugua na 9 wakafa. Kwa hiyo twaomba yashikwe mambo manne.

Kwanza, tusimsifu wala kumlaumu mtoa dawa kwa ajili ya mtu mmoja. Tukiambiwa sokoni, "Dawa hii imeponya wengi," tuulize kwa adabu: imelinganishwa na nini? Mwenye ukweli hatakasirika.

Pili, homa ya ghafula, kutapika na kuharisha katika siku za maradhi si mambo ya kuficha ndani ya nyumba. Anayemwahi daktari ampa Mungu na dawa nafasi ya kufanya kazi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu pamoja na kusali. Hatutengi moja na jingine.

Tatu, mtu akiombwa kuingia katika jaribio la dawa, ana haki ya kuuliza maswali yote: dawa ni ipi, hatari yake ni nini, naweza kuacha nikitaka? Akijibiwa kwa ukweli, kukubali kwake ni tendo la mapendo. Akijibiwa kwa ukali au kwa fedha, na aondoke.

Nne, na hili twawaambia wenye mamlaka. Watu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walitoa miili yao ili dawa ijulikane. Haitakuwa haki dawa hiyo iwekwe katika maghala ya mbali, na kwao ifike imechelewa. Aliyepanda, na avune.

Tusiwasahau pia wafu. Katika makundi yote manne wako waliokufa, hata katika yale mawili yaliyoshindwa. Bila wao hakuna ambaye angejua. Walikubali katika saa ya taabu kuu, wengine kwa kuandika jina, wengine kwa alama ya kidole tu, wala hawakuishi kuona matunda yake. Mtoto atakayepona Ebola kesho, mahali po pote duniani, ana deni kwao asilolijua. Sisi twalijua. Basi, tuwaombee.